Maumivu ya Mume Wangu Yaliyokosa Jina

Mume wangu alikuwa fundi wa milango. Watu wa mtaa wetu wa Kibokoni, hapa Mombasa, walimwita Fundi, na mimi vilevile nikamwita Fundi, tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yetu. Alichonga milango ya nakshi na masanduku ya maharusi, na kazi hiyo aliifanya ameketi chini, mguu mmoja ameukunja na kwa wa pili ameubana ubao usicheze. Ndivyo baba yake alivyomfunza. Basi siku moja katika miaka ile ya vita vya pili vya dunia aliporudi ndani kabla ya adhuhuri, akasimama katikati ya sebule na hakutaka kuketi, nilijua kuna jambo.

"Keti nikuletee maji," nikamwambia.

"Siwezi kuketi."

"Kwa nini?"

Alitazama upande wa jikoni alikokuwa mavyaa wangu, yaani mama yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kama nimekalia patasi. Na mkojo hauniachi. Nimekwenda choo mara tano tangu asubuhi, na kila mara ni matone, na matone yenyewe yachoma."

Nilidhani ni joto. Ulikuwa wakati wa jua kali, na mtu asiyekunywa maji ya kutosha huchomwa. Nikamchemshia shayiri, nikamtilia sukari kidogo tuliyokuwa nayo, nikamwambia siku tatu hazitapita ila atakuwa amepoa. Nilikosea kwa miaka.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja, na choo kilikuwa chini, nyuma ya chumba alichofanyia kazi. Sisi sote, pamoja na binti yetu mdogo, tulilala juu. Usiku nilimsikia Fundi akishuka na kupanda, akishuka na kupanda, na asubuhi macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka safari. Mchana alifanya kazi robo saa, akainuka, akaegemea ukuta, akarudi. Mlango mmoja aliokuwa amezoea kuumaliza kwa miezi miwili ulikaa pale ukisubiri mpaka vumbi likajaa katika nakshi.

Mavyaa wangu hakuwa na shaka hata kidogo. "Ni mawe hayo. Babu yake alikuwa na mawe."

Akanunua ndevu za mahindi kwa gunia, akazichemsha, akamnywesha mwanawe asubuhi na jioni. Kisha akaweka chungu kidogo chooni na kitambaa cha melimeli juu yake, ili jiwe likitoka linaswe. Kila asubuhi, kabla hata ya kuulizana hali, aliuliza, "Limetoka?"

"Halijatoka, mama."

"Litatoka tu."

Aliuliza hivyo siku arobaini na zaidi. Mwishowe nilikuwa naliota lile jiwe. Nililitaka jiwe lile kama mwanamke anavyotaka mtoto, maana jiwe lingekuwa kitu. Ningeliweka kiganjani, nikawaonyesha watu, nikasema: hili ndilo lililokuwa likimtesa. Kile kitambaa hakikunasa kitu.

Tukaenda dispensari moja upande wa Mwembe Tayari. Nilifuatana naye kwa sababu nilimjua Fundi: mbele ya mkubwa yeyote husema "sijambo" hata kama amevunjika mguu. Tuliwekwa kwenye benchi lililokuwa karibu na mlango wa nyuma, pamoja na mabaharia watatu na kuli mmoja wa bandarini. Mimi niliketi, yeye alisimama. Sikujua benchi lile lilikuwa la nini. Wengine wote walijua.

Daktari alikuwa Mzungu. Alizungumza maneno machache bila kuinua uso, na msaidizi wake akatafsiri. "Bwana daktari auliza, mara ya mwisho ulikwenda kwa wanawake lini?"

Fundi hakufahamu. "Wanawake gani?"

"Wanawake wa mjini, babu. Usione haya. Mji umejaa siku hizi."

Nilimwona mume wangu akibadilika rangi. Mtu huyu alikuwa akisalisha magharibi na isha katika msikiti wa mtaani, maana alikuwa na sauti nzuri na amesoma. Basi nikasema mimi, ndani ya buibui langu, "Mimi ndiye mkewe. Hebu muulize daktari ameona nini katika mkojo."

Yule msaidizi hakutafsiri. Alimwambia Fundi, "Mwambie mama angoje nje."

Wiki ya pili tukaambiwa mkojo umepimwa na hakuna kitu. Nikafurahi. Lakini papo hapo, baada ya kusema hakuna kitu, wakampa dawa ya kisonono. Kwanza vidonge vyeupe vikubwa, kisha maji ya rangi ya zambarau waliyomsukumia ndani kwa bomba kupitia njia ya mkojo, wiki tatu, siku moja baada ya nyingine. Kila alipotoka huko alirudi ameshika kuta za nyumba za watu. Na mimi nikaamriwa nipimwe, kwa kuwa mume akiwa nayo mke naye hakosi. Nilikwenda. Sitaandika nilivyolazwa wala nilivyoshikwa. Nilipimwa, na kwangu pia hapakuwa na kitu.

"Kama kwake hakuna na kwangu hakuna," nilimuuliza yule msaidizi, "mwatibu nini?"

"Ni tahadhari, mama."

Mtu mmoja wa mtaani alikuwa ametuona kwenye lile benchi. Haikupita Ijumaa ila Kibokoni nzima ilikuwa na habari. Hakuna aliyeniambia usoni. Lakini nikiingia penye wanawake mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena kwa habari ya bei ya mchele. Mama yangu mzazi alinivuta chumbani akaniuliza, "Mwanangu, huyu mume wako ametulia?" Nikamjibu ametulia. Na sasa ninaandika jambo ambalo sikupata kumwambia Fundi maisha yake yote. Alasiri ile niliporudi kutoka kwa mama, nilichukua kanzu zake zote nikazinusa, moja moja, na nikatia mkono kila mfuko. Nilipata kipande cha penseli na tasbihi. Nikaketi kitandani na kile kipande cha penseli mkononi, nikajichukia, na nikamchukia yeye pia kwa kunifikisha pale.

Wakati huo alikuwa ameshaacha kusalisha. Hakuaga wala hakutoa sababu. Siku moja magharibi iliadhiniwa, akabaki nyumbani, akaswali chumbani peke yake. Kesho yake vivyo hivyo. Watu wakampisha mtu mwingine mbele, na wale waliokuwa na shaka kuhusu benchi wakaona sasa shaka imekwisha.

Baada ya dispensari tulikwenda kwa daktari wa Kihindi aliyekuwa na chumba chake mwenyewe juu ya duka la vitambaa. Huyu alikuwa mpole. Alimbonyeza Fundi tumboni na kiunoni, akampeleka kupigwa picha ya kuangalia mawe, na tulipoirudisha akaitazama dirishani kwenye mwanga, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hakuna kitu," akasema.

Maneno yale mawili yalikuwa yameanza kunitia wazimu.

"Basi aumwa na nini?" nikauliza.

"Mama, bwana ana hofu. Watu wengi sasa wana hofu kwa ajili ya vita. Apumzike, asifikiri sana, ale vizuri."

"Daktari, maumivu yalianza hofu haijakuja. Hofu imekuja baada ya maumivu. Nilikuwa nyumbani, niliona kipi kilitangulia."

Akatabasamu. "Mama, mimi nimesomea kazi hii."

"Na mimi ninaishi nayo."

Fundi akanigusa bega kuninyamazisha, kisha, Mungu anisamehe, akamwomba daktari radhi kwa ajili yangu. Tulishuka barabarani. Aligeuka akaniambia, "Usinitetee mbele za watu kama mtoto mdogo."

"Basi jitetee mwenyewe!"

"Nitasema nini? Wasema hakuna kitu. Labda kweli hakuna kitu. Labda ni mimi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Maneno yao yalikuwa yamemwingia. Mtu anainuka mara ishirini kwa siku, anauma kitambaa anapokwenda haja ili mama yake asimsikie, kisha anaanza kuamini kwamba anajisingizia.

Mavyaa naye hakukaa bure. Jiwe lilipokataa kutoka alimwendea mwalimu wake, akamwandikia kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi. Fundi akaamriwa anywe gilasi tatu kwa siku. Alikunywa zote kwa heshima ya mama yake, na nia ilikuwa njema, lakini mtu anayeteswa na mkojo ukimwongezea gilasi tatu za maji, hukaa chooni mpaka akajua idadi ya mawe ya ukutani. Kisha akaja bibi mmoja jirani akasema huyu ana pepo, na pepo huyo ataka apigiwe ngoma siku tatu. Hapo kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia Fundi akipaza sauti mbele ya mama yake.

"Mama, ni nyama yangu inayouma! Nyama! Hakuna pepo aliyekaa hapa."

Mavyaa alilia, akakaa siku mbili bila kusema na mtu. Mimi nilikuwa upande wa Fundi, lakini nilimwonea huruma mama wa watu. Yeye angalau alikuwa akitafuta.

Jambo la msikiti lilinikera sana, kwa sababu nilidhani lina dawa. Sisi wanawake kadhaa tulikuwa tukisoma fiqhi alasiri kwa mwalimu mmoja, mama mtu mzima, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku hiyo nilingoja wenzangu waondoke, nikamuuliza, "Mwalimu, mtu asiyeweza kuzuia mkojo, na matone humtoka bila kutaka, aswali vipi?"

Akanitazama. Nina hakika alijua ni nani. Lakini hakuniuliza. Akasema, "Huyo ana udhuru. Wakati wa sala ukiingia ajitahirishe, ajifunge kitambaa safi, atawadhe, aswali bila kukawia. Kikimtoka kitu ndani ya sala, sala yake ni sala. Dini haikuletwa kumtesa mgonjwa."

Nilirudi mbio kana kwamba nimebeba kito. Nikamkuta Fundi amesimama dirishani. Nikamweleza yote, kitambaa, udhu, wakati. Nilitaraji atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Umemwambia ni mimi?"

"Sikumwambia. Nimeuliza tu."

"Umeuliza. Mke wa Fundi ameuliza habari ya mtu asiyeweza kuzuia mkojo. Na wewe wadhani hakujua?"

"Lakini sasa waweza kurudi msikitini."

"Mambo hayo niliyasoma kabla sijakuoa," akasema. "Unadhani sikuyajua? Najua sala yangu ni sala. Siogopi sala. Naogopa nisujudu mbele ya watu, niinuke, mkeka uwe na alama, na mtu wa nyuma yangu aweke paji lake la uso pale." Akageukia dirisha. "Umenitangaza bure."

Nilikuwa nimedhani yeye hajui kitu, kama vile madaktari walivyodhani mimi sijui kitu.

Mwaka ukapita, na wa pili ukaja. Mtu huzoea mengi, lakini mimi sikuzoea. Nilifua vitambaa vyake kila siku na kuvianika ndani, juu ya kamba niliyoifunga jikoni, ili jirani wa upande wa pili asivihesabu. Nilikataa mialiko. Nilikosa maulidi, nilikosa arobaini ya shangazi yangu, nilikosa harusi mbili. Kisha ikaja harusi ya mdogo wangu wa tumbo moja. Hiyo nilisema sitaikosa. Nilitiwa hina, nikashona nguo, na siku yenyewe mavyaa akatangulia na binti yetu. Nilikuwa navaa viatu Fundi alipopanda ngazi. Alikuwa amekunjika, mkono mmoja chini ya kitovu.

"Usiende leo," akasema.

Hakuwahi kuniomba hivyo kabla. Siku zote alisema nenda, mimi sijambo. Siku hiyo moja, siku ya mdogo wangu, ndiyo aliyoichagua. Nikamwambia, "Wanawake wenzangu wameolewa na wanaume. Mimi nimeolewa na choo."

Alinipisha ngazini ili nipite. Nikapita.

Niliimba kwenye harusi ile, nikacheza, nikala pilau, na sikuonja ladha ya chochote. Niliporudi kabla ya magharibi nilikuta godoro lake halipo juu. Alikuwa amelishusha katika kijichumba cha chini cha kuwekea mbao, karibu na choo. Na vitambaa vyake alikuwa amevifua mwenyewe, amevianika uani, nje, mbele ya macho ya jirani.

Kuanzia hapo alinisalimu kama mgeni. "Sabalkheri." "Umeamkaje?" "Ahsante kwa chakula." Siku nane nzima. Ningependa angenitukana.

Siku ya tisa asubuhi nilichukua bakuli la uji nikashuka nalo chumbani mwake mwa kazi. Nilimkuta anafanya jambo ambalo sikupata kuliona. Alikuwa ameinua mfaa, ule ubao wa nakshi wa katikati ya mlango, akaulaza juu ya meza mbili ndefu zilizomfika tumboni, naye alikuwa amesimama akichonga. Mikono yake haikuzoea. Patasi ilikuwa ikiteleza, na ua moja lilikuwa limekatika jani. Fundi aliyechonga tangu utotoni alikuwa anachonga kama mwanafunzi.

Nikaweka bakuli. "Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Walijua wewe mwenyewe."

Aliendelea na kazi kidogo, kisha akaiweka patasi. "Ulisema kweli," akasema. "Lakini si wewe tu. Hata mimi nimeolewa na hicho choo. Basi sisi ni wake wenza."

Nilicheka kabla sijajua kwamba ninacheka. Kisha nikalia, na yeye akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake iliyojaa unga wa mbao. Nilipomaliza nikamwambia, "Nieleze inavyouma. Si vile unavyowaeleza madaktari. Nieleze mimi."

Miaka miwili nilikuwa naye na sikuwa nimemuuliza hivyo. Nilimuuliza kama amepoa, kama amelala, kama limetoka. Sasa alinieleza. Alisema kibofu kikianza kujaa, hata kidogo, maumivu huanza chini ya kitovu yakashuka hadi msamba, na akienda haja hupungua kwa dakika chache, kisha yakaanza upya. Kuketi sakafuni huyazidisha. Kuna siku ni kama moto na kuna siku ni kama mkono unaokamua. Na jioni huwa vibaya kuliko asubuhi.

"Jioni kuanzia lini?"

"Baada ya alasiri. Nikitoka barazani."

"Barazani mwafanya nini?"

Akanishangaa. "Twanywa kahawa. Wanaume wafanya nini barazani?"

Alikuwa akinywa vikombe saba au vinane vya kahawa chungu kila alasiri, kama wanaume wote wa mtaa. Sikuwa na elimu yoyote. Nilitaka tu kujaribu kitu ambacho hakikupitia kwenye bomba. Nikamwomba aiache kahawa siku kumi. Siku tatu za kwanza kichwa kilimuuma akawa mkali kama siki. Siku ya nne hakukuwa na tofauti. Kama siku ya saba hivi alilala, akashuka mara mbili tu mpaka alfajiri. Tulitazamana asubuhi bila kusema, tukiogopa kuliharibu jambo.

Halafu mavyaa, kwa furaha ya kumwona mwanawe amepata usingizi, akampikia samaki wa ukwaju na pilipili nyingi, chakula alichokipenda, na yote yakarudi. Basi tukajua na hilo. Ukwaju, ndimu, siki, pilipili, kahawa, hata chai nzito. Tuliyajua hayo moja baada ya moja, kwa kuumia. Tukajua pia kwamba akiketi ndani ya karai la maji ya uvuguvugu kwa muda, ule mkono unaokamua hulegea kidogo. Hakupona. Lakini kulikuwa na siku mbaya na siku nafuu, na zamani zilikuwa mbaya zote.

Watu hawakutuacha. Mwanamume anayekataa kahawa ya mwenzake Mombasa huonekana ana kinyongo. Rafiki zake wawili waliacha kupita kwetu. "Wawaambia nini?" niliuliza. "Nawaambia tumbo," alisema. "Na wao wasema, tumbo gani hilo la miaka mitatu?" Na mimi kila nilipomkuta ameketi kwenye karai, mtu mzima na kanzu ameipandisha, nilimkumbuka yule daktari wa dispensari na yule wa juu ya duka, na nilitaka kurudi kwao wote wawili niwaulize: mlishindwaje kumuuliza mtu anakunywa nini? Swali moja. Mliuliza habari ya wanawake, mliuliza habari ya hofu.

Vita vilipokwisha ndugu yangu alituambia kuna daktari mwingine, kijana, amekuja upande wa Mbaraki. Mimi nilikataa. Fundi ndiye aliyetaka kwenda. Kijana yule alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo, cha kuvunjika, lakini alimsemesha Fundi mwenyewe bila mkalimani. Alimuuliza mengi na akaandika. Alimpima kwa muda mrefu. Mwisho akasema polepole, akitafuta maneno, "Naamini inauma. Iko maumivu kweli. Sijui kwa nini. Madaktari hawajajua bado."

Fundi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kana kwamba ameponywa. Njia nzima ya kurudi alikuwa mwepesi. "Umesikia? Amesema iko kweli."

Mimi nilikuwa nalia kwa hasira chini ya buibui. Karibu miaka mitano, bomba, benchi, maneno ya watu, ili tupewe "sijui". Yeye alikuwa amepewa alichokuwa akikitaka. Mimi nilikuwa nataka dawa.

"Wewe huridhiki," akaniambia.

"Siridhiki. Na sitaridhika."

"Haya. Usiridhike," akasema, na akanunua miwa njiani, kipande changu na kipande chake.

Baada ya hapo alianza kurudi msikitini. Alijifunga kitambaa, akatawadha mwadhini akianza, akasimama safu ya nyuma kabisa karibu na mlango, juu ya mkeka wake mwenyewe alioutoa nyumbani na kuurudisha nyumbani. Hakusalisha tena. Watu wachache walimwomba, akasema sauti imechoka. Milango aliendelea kuichonga, akisimama, na mkono ukazoea. Ugonjwa haukuondoka. Ulilala miezi, ukaamka wiki mbili, ukalala tena, na hakuna aliyetuambia jina lake.

Siku moja alasiri alikuja kwangu mwanamke wa mtaa wa pili, mmoja wa wale waliokuwa wakinyamaza nikiingia. Nilimkaribisha kwa adabu bila mapenzi. Alizungumza habari za mvua, habari za kitambaa cha kofia nilichokuwa nikishona, mpaka nikamuuliza ana haja gani.

Akafunga mlango. "Nisamehe kwa kukuuliza. Ugonjwa wa Fundi... ulianzaje?"

"Waulizia nini?"

"Ni mimi," akasema. "Mwaka wa pili huu. Mume wangu asema najifanya nisipike."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke yule, niliyoyahifadhi kwa miaka. Nilimtazama alivyokaa, upande mmoja tu wa mwili, ukingoni mwa kiti, kama mtu anayetaka kuinuka. Nikamwambia aache kahawa na ukwaju, nikamwambia habari ya maji ya uvuguvugu. Nikamwambia sina dawa, na kwamba hao watakaompima huenda wakasema hakuna kitu.

"Na wewe wasemaje?" akaniuliza.

"Mimi nasema kipo."

Akalia sana. Nilimwacha alie, kisha nikamwonyesha choo kilipo, maana nilimwona anahangaika na anaona haya kuuliza.